Mkono Wenye Unga Hauna Aibu



Mwaka jana mtoto wa dada yangu alipata Diploma ya Serikali. Jamaa tulikusanyika nyumbani kwao, hapa Lubumbashi, tukala bukari na samaki, tukamshukuru Mungu pamoja naye. Baada ya chakula baba yake alimwomba aeleze mbele ya wazee ni masomo gani aliyoyachagua kwa chuo kikuu. Binti akasimama, akawashukuru wote kwa adabu, kisha akasema kwamba ameomba nafasi katika shule ya upishi. Akaongeza kwamba anataka kujifunza kuoka mikate, na si kwa kujaribu tu, bali iwe kazi ya maisha yake.

Palikuwa kimya. Kisha shemeji yangu akasema: «Nimelipa shule miaka 12 ili mtoto wangu aende kukanda unga?»

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kicheko kile ndicho kinachonisukuma kuandika leo, maana nimekwisha kuona kwamba tulicheka kwa ujinga. Tena ulikuwa ujinga wa namna mbaya, ule wa watu waliosoma.

Tuanze na chanzo chake. Sisi wa Katanga tulilelewa na kampuni. Babu zetu waliingia Union Minière, baba zetu wakafuata Gécamines. Mwisho wa mwezi ulileta mshahara, na pamoja nao poso ya unga. Mtoto alisomeshwa ili siku moja aketi ndani ya biro, avae shati jeupe, atie sahihi. Ndoto ile haikuwa mbaya kwa wakati wake. Lakini tunajua ilivyoisha. Kuanzia mwaka 2003, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi elfu kumi waliiacha Gécamines kwa pamoja. Wengi walikuwa na vyeti na miaka mingi ya utumishi, ila hawakuwa na kazi ambayo mikono yao ingeweza kuifanya nje ya ukuta wa kampuni. Ni nani aliyeziokoa nyumba nyingi wakati ule? Ni mama aliyekaanga mandazi alfajiri. Ni mama aliyebeba beseni la mikate kichwani, akaizungusha mtaa hadi mtaa. Watoto waliosomeshwa kwa faranga za beseni lile leo ni watu wazima, na baadhi yao wanacheka binti anaposema anataka kuoka.

Neno langu la kwanza ni hili: tusimhesabu kijana anayejifunza kuoka mikate kama mtu aliyeshindwa shule. Yuko shuleni, na shule yake ni ngumu.

Nasema hivi kama mtu aliyesomea ualimu. Miezi ya kwanza nilimwuliza binti yetu, kwa mzaha, kama amekwisha kujifunza kukoroga maji na unga. Hakukasirika. Alinionyesha daftari lake, nami nikakuta hesabu. Mwokaji huhesabu kila kitu kwa kuanzia unga. Unga ni 100, na vingine vyote hupimwa kwa mia ya unga: maji 62, chumvi 2, hamira kavu 1. Kwa mfuko wa kilo 50 anahitaji lita 31 za maji, kilo 1 ya chumvi na gramu 500 za hamira. Jumla ni kilo 82 na nusu za donge. Akikata vipande vya gramu 250, atapata vipande 330. Kijana asiyeijua hesabu hii hukadiria kwa kikombe na kwa jicho. Leo mkate wake ni mzuri, kesho ni mgumu, naye husingizia unga.

Ukurasa uliofuata ulihusu joto. Mimi nilidhani kwamba maji ni maji. Kumbe donge linalotoka kwenye kukandwa lapaswa kuwa na joto la digrii 24 hadi 26, na mwokaji hulipata kwa kuchagua joto la maji. Kila nyumba ya mikate hutafuta hesabu yake kwa kujaribu, kadiri inavyokanda kwa mkono au kwa mashine. Tuseme hesabu hiyo ni 66. Hapo hewa, unga na maji vikijumlishwa lazima vifike 66. Katika joto letu la mwezi wa kumi, hewa ikiwa digrii 31 na unga 28, maji yanabaki na 7 tu: yatoke kwenye friji. Alfajiri ya mwezi wa saba, wakati Lubumbashi inatetemeka kwa baridi, hewa ikiwa 16 na unga 16, maji yawe 34. Unga ni uleule na mwokaji ni yuleyule, lakini maji yamebadilika. Nani kati yetu alijua kwamba yule kijana tunayemwona na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi hubeba kipimajoto mfukoni?

Hamira yenyewe, ile tunayoiita levire sokoni, ni kitu chenye uhai. Kwa karne nyingi watu walioka bila kujua kwa nini donge linaumuka. Ni mwaka 1857 ambapo Mfaransa Louis Pasteur alianza kutangaza matokeo ya utafiti wake kwamba uchachushaji ni kazi ya viumbe hai. Hula sukari iliyo katika donge, hutoa hewa na pombe kidogo. Hewa hunaswa ndani ya wavu wa gluteni uliojengwa kwa kukanda. Pombe hutoweka tanurini. Wavu ukiwa dhaifu, hewa hutoroka na mkate hulala. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kulivuta donge kati ya vidole mpaka liwe jembamba kama pazia, mwanga upite bila donge kupasuka. Hufundishwa pia kulibonyeza kwa kidole. Shimo likirudi upesi, donge bado. Likirudi polepole, ni wakati wa tanuri. Lisiporudi kabisa, umechelewa. Mambo haya hayakaririwi. Hukaa vidoleni, na hufika huko baada ya mamia ya madonge.

Kuna siku moja binti yetu aliyonisimulia, nami kama mwalimu sitaisahau. Alisahau chumvi. Donge lilinata mikononi, likaumuka kwa haraka kuliko kawaida, kwa maana chumvi ndiyo inayoitia hamira adabu na kuutia wavu nguvu. Mikate ikatoka yenye ganda lililopauka, na ladha yake ilikuwa kama ya karatasi. Mwalimu wake hakupiga kelele. Aliwaita wanafunzi wote, akamkatia kila mmoja kipande, akawaambia watafune mpaka wamalize. Kisha akamwomba aliyekosa aandike ubaoni bei ya kila kitu kilichotumika, pamoja na kuni, na kujumlisha hasara. Nimefundisha miaka mingi, nimesahihisha makosa mengi kwa kalamu nyekundu, lakini sijui kama wanafunzi wangu walikumbuka hata moja kama binti huyu atakavyoikumbuka chumvi.

Basi shule hii ina hesabu, ina elimu ya viumbe, ina uvumilivu. Lakini ina jambo jingine pia, na hapo ndipo nilipojaribiwa mwenyewe.

Mwishoni mwa mafunzo, mwanafunzi hutumwa kufanya kazi miezi michache katika nyumba ya mikate, na mwenye nyumba humtilia sahihi karatasi. Binti yetu alipokelewa mahali ambapo sitapataja. Juma la pili aliambiwa akate vipande vya gramu 230, ingawa wateja waliambiwa kwamba mkate hukatwa kwa gramu 250. «Mkate ni hewa,» aliambiwa, «nani atakayejua?» Alikuja kwangu jioni ile. «Mjomba,» aliniuliza, «nifanye nini?»

Ndugu zangu, hapa nakiri kosa langu. Mimi, katekista, ninayewafundisha watoto amri ya saba, nilimjibu hivi: «Nyamaza kwanza. Ngoja karatasi yako itiwe sahihi.» Hakunijibu. Alitoa daftari, akapiga hesabu mbele yangu. Mfuko mmoja wenye kilo 82 na nusu za donge, ukikatwa kwa gramu 230, unatoa vipande 358. Ni mikate 28 iliyozaliwa bila unga wala kuni, wala jasho la mtu. Mifuko minne kwa siku ni mikate zaidi ya 110. Kisha akahesabu upande wa mnunuzi. Mama anayewanunulia watoto mkate mmoja kila asubuhi hupoteza gramu 20 za donge kwa siku, gramu 600 kwa mwezi. Ni zaidi ya mikate miwili ambayo amelipia na hakula. «Na huyo mama,» akasema, «ndiye anayeketi mbele yako kwenye jumuiya.»

Kesho yake alimwambia msimamizi kwa heshima kwamba anaweza kukata gramu 230, mradi wateja waambiwe hivyo na bei ilingane nayo. Aliondolewa kwenye meza, akapewa ufagio, na mwisho wa mwezi karatasi yake haikutiwa sahihi. Alilazimika kutafuta mahali pengine na kuanza upya.

Tangu siku ile nimeisoma tena sura ya 19 ya kitabu cha Walawi, mahali panapoagiza mizani ya haki, nikaona kwamba nilikuwa nimeifundisha miaka mingi kama habari za wafanyabiashara wa zamani. Kumbe inazungumza na meza ya donge. Mkate una siri hii: ukiwa tayari, jicho haliwezi kuupima. Tanurini hupoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, hata zaidi, kwa maji yanayopaa; na donge lililoachwa liumuke kupita kiasi huonekana kubwa kuliko lilivyo. Mnunuzi hana ulinzi mwingine ila dhamiri ya aliyekata na mizani iliyo mbele ya macho yake. Kwa hiyo nasema: kumfundisha kijana kuoka bila kumfundisha mizani ni kumfundisha kuiba kwa ustadi.

Mizani si hila ya pekee. Iko pia njia ya mkato ya dawa za kuufanya mkate uvimbe. Moja inayojulikana duniani ni bromati ya potasiamu, ambayo huupa nguvu unga dhaifu. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kati ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, na nchi za Ulaya zimeikataza katika mikate. Mwokaji aliyefundishwa haihitaji. Huupa unga wake muda, na muda hufanya kazi ileile bila madhara. Wafaransa waliliandika jambo hili katika sheria. Amri yao ya mwaka 1993 kuhusu mkate wa jadi inataka unga wa ngano, maji, chumvi na chachu, bila kugandisha donge kwa baridi, bila kuongeza dawa. Asiyejua kazi hununua kwa dawa kile ambacho mwenzake hukipata kwa kungoja.

Najua kuna swali ambalo wasomaji wengine watalitoa, nalo ni la haki. Ngano yetu karibu yote hutoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi wa pili mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Je, ni busara kuwafundisha vijana kazi inayotegemea mashamba ya wengine? Mbona wasifundishwe kulima mahindi na muhogo?

Walime, ndiyo. Lakini mwokaji mwenye ujuzi ndiye anayeweza kuupunguza utegemezi huo. Tangu mwaka 1964 shirika la FAO lilianzisha mpango wa kuchanganya unga wa ngano na unga wa mazao ya nchi za joto. Unga wa muhogo hauna gluteni, kwa hiyo hauwezi kushika hewa peke yake. Ukitiwa sehemu ya kumi, mlaji hatambui sana. Ukifika sehemu ya tano, donge hubadilika, nalo hudai maji mengine, ukandaji mwingine na mkono unaojua. Tena haufai unga wowote. Muhogo uliolowekwa siku kadhaa, kama tunavyoufanya kwa chakula chetu, huuletea mkate harufu na uchachu. Unatakiwa muhogo mbichi uliomenywa, ukakwaruzwa na kukaushwa upesi. Anayekadiria kwa jicho atajaribu mara moja, atoe mawe, na kurudi kwenye ngano tupu. Anayejua hesabu atajaribu mara kumi, ataandika, naye atafika. Kwa hiyo atakayewafungulia soko wakulima wetu ni huyu binti tuliyemcheka.

Jambo la mwisho ni jasho la wanaojifunza. Mkate hutakiwa asubuhi, kwa hiyo mtu fulani huamka saa nane ya usiku. Umeme ukikatika, na sisi tunajua unavyokatika, tanuri la umeme hupoa na donge halingoji. Hapo watu hurudi kwenye kuni, nao hukaa mbele ya moto wa digrii 230 mpaka jua lichomoze. Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva mkataba wa 20, uliokataza kuoka mikate usiku, kwa kuwa lilikwisha kuona jinsi kazi hii inavyowamaliza watu. Sisemi kwamba kesho tufunge matanuri ya usiku. Nasema kwamba kijana anayekesha anastahili chakula na njia salama ya kurudi nyumbani, na kitu kidogo mkononi. Wapo wanaowashika vijana miaka miwili wakibeba mifuko na kufagia, bila kuwaruhusu hata mara moja kulishika donge, wakiogopa kwamba wakijua watakwenda kufungua nyumba yao. Huko si kufundisha. Ni kuila nguvu ya kijana na kumnyima ujuzi aliouendea. Vilevile, kijana anayekimbia baada ya majuma matatu na kufungua tanuri lake, akijiita mwokaji, anawadanganya wateja wake na kujidanganya mwenyewe.

Kwa hiyo naleta mbele ya shirika letu maombi matatu.

Wazazi, mtoto akiomba kujifunza kazi ya mikono, muulizeni maswali yaleyale mnayomwuliza anayekwenda chuo kikuu: nani atakufundisha, kwa muda gani, utapimwaje? Akiwa na majibu, lipeni shule yake kwa moyo uleule. Msimpe baraka ya nusu.

Wanashirika wenye nyumba za mikate, nanyi mpo kati yetu: pokeeni walau kijana mmoja kila mwaka, kwa mapatano yaliyoandikwa. Yaseme atajifunza nini na lini, na atapewa nini. Tena wekeni mizani mezani pa kuuzia, mahali ambapo mnunuzi anaiona. Nyumba ya kwanza itakayofanya hivyo, mimi nitakwenda kununua huko hata kama ni mbali.

Nasi makatekista na walimu, tunapoeleza mfano wa mwanamke aliyeificha chachu katika vipimo vitatu vya unga, tumwalike mwokaji aje na donge lake. Watoto walione likiumuka. Watauelewa Ufalme kuliko kwa maneno yetu, na labda mmoja wao ataiona pia njia yake.

Binti yetu alimaliza mwezi wa sita. Nyumba ya pili ilimtilia sahihi. Siku ile baba yake alileta mezani mkate aliouoka, akaukata mwenyewe, akatugawia bila kusema lolote. Mimi nilimwomba binti radhi mbele ya watu walewale waliocheka. Alicheka yeye sasa, akasema: «Mjomba, kula, utapoa.»

Kila siku tunamwomba Baba mkate wetu. Kesho tukiomba, tumkumbuke aliyeamka saa nane ya usiku kuuoka, na tujiulize kama tumemheshimu.